Paa la eternit na madirisha ya minium: nifanye nini kabla mafundi hawajaanza?

Binti wa Muhumba

Ndugu zangu wa Bukavu, naomba msaada wenu kabla ya Jumatatu.

Papa alitutoka mwaka jana, akatuachia nyumba ya Muhumba. Ni nyumba ya wakati wa Wabelgiji: msingi wa mawe, kuta za matofali, veranda inatazama ziwa. Juu ni eternit, yale mabati ya saruji ya mawimbi, ya kijivu, na upande usiopata jua imeota majani mafupi kama zulia. Madirisha ni ya chuma. Ukikwaruza rangi yake unakuta kijani, chini yake krimu, chini kabisa ile minium, rangi ya kuzuia kutu, ya rangi ya chungwa. Tumezaliwa watano, na tumekubaliana kuitengeneza ili kaka yetu mkubwa ahamie na watoto wake. Wa mwisho ana miaka miwili.

Fundi alikuja Jumamosi. Aliliangalia paa dakika mbili tu, akasema: "Mama, hii kazi ya siku moja. Vijana wanne na nyundo, tunaiangusha, vipande tunamwaga kule kwenye korongo, kesho yake tunapiga manjanja, mabati ya chuma." Kaka naye ameshaazima meuleuse, ile mashine ya kusaga chuma, ili asugue madirisha hadi chuma kionekane.

Tangu siku ile silali vizuri, na sababu ni hii. Nilipokuwa na miaka saba au minane, Papa alikata bati moja la eternit pale verandani kwa msumeno wa mkono, apate kipande cha kuezekea jiko la nje. Ulitoka unga mweupe mwingi. Sisi watoto tuliukusanya tukacheza soko. Mimi nilikuwa muuzaji, nikipima unga wa muhogo kwa kopo la maziwa na kupuliza juu ya kopo ili kipimo kikae sawa, kama nilivyowaona wamama wa Kadutu wakifanya. Leo nina miaka 46. Nimesikia kwamba ndani ya eternit kuna amiante (asbestosi) na kwamba inaua mapafu.

Je, paa hili litoke au libaki? Likitoka, linatolewa namna gani? Rangi ya madirisha je? Na maji ya mvua tunayokinga kwenye mapipa kutoka paa hilo hilo, tumeyanywa maisha yetu yote!

Fundi Mapaa

Dada, pole kwa msiba wa mzee. Leo hii mpigie huyo fundi, mwambie asilete nyundo. Mimi napanda mapaa ya Bukavu mwaka wa 19 sasa, na kazi hiyo nimeifanya vibaya kabla ya kujifunza kuifanya vizuri.

Ndiyo, eternit ya miaka ile ina amiante. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe, mara nyingi sehemu 10 hadi 15 kwa kila 100. Saruji ikiwa nzima inazishika nyuzi, hazitoki. Ukiivunja, ukiikata, ukiipiga brashi ya waya ili kutoa hayo majani, unaziachia. Na huzioni. Ule unga unaouona ni sehemu tu, zinazofika ndani kabisa ya pafu ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, zinaelea hewani kwa saa nyingi.

Kwa hiyo jiulizeni kwanza kama kuna lazima ya kulitoa. Ingia darini na tochi, tazama. Kama mabati hayajapasuka, hayavuji, pembeni hayajaanza kumomonyoka, liacheni. Mnaweza kulipaka rangi nzito juu bila kulisugua. Nimewaambia wateja wengi hivyo na nimepoteza kazi kwa kusema hivyo, lakini paa zima lililotulia ni salama kuliko paa lililotolewa na watu wenye haraka.

Kama limechoka, basi litoke zima zima. Kwanza kabisa, mtu asikanyage eternit. Nasema hili kabla ya amiante kwa sababu amiante inangoja miaka, lakini kuanguka hakungoji. Bati la miaka 60 linaonekana gumu kama jiwe kumbe ni biskuti. Mwenzangu mmoja alipita nalo kwenye ghala, akatua kwenye sementi, hakuinuka. Tandikeni mbao ndefu zinazolalia kwenye boriti, mtembee juu ya mbao.

Halafu maji. Chukueni pompi ya kupulizia dawa ya kahawa, iliyooshwa vizuri, jazeni maji na sabuni kidogo, lowesheni bati juu na chini, na mlilowanishe tena kila linapokauka. Skrubu zifunguliwe. Zikikataa kwa kutu, katani kichwa cha skrubu kwa koleo, msikate bati. Linashushwa kwa mikono miwili au kwa kamba, halitupwi. Chini mnatandika shitingi. Bati likifika chini linafungwa kwa plastiki nzito, tabaka mbili, na utepe wa gundi. Vipande vidogo vinaokotwa vikiwa vimelowa. Ufagio mkavu usionekane hapo.

Mask ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu. Inatakiwa ile iliyoandikwa FFP3, inayobana uso, na mwenye ndevu anyoe, la sivyo hewa inapita pembeni. Nguo za kazi zilowe kabla ya kuvuliwa, zibaki hapo hapo. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa narudi nyumbani mweupe kama mwokaji mikate, mtoto ananirukia mlangoni. Hilo linanisumbua hadi leo.

Kijana wa Bagira

Samahani wakubwa, lakini hamwoni mnatutisha? Sisi tuko kwenye nyumba za OCA, ofisi ya nyumba ya wakati wa Wabelgiji, zilizojengwa Bagira miaka ya 1950, na banda letu la nyuma lina eternit. Babu amelala chini yake miaka na miaka, ana 88, bado anashuka sokoni kwa miguu. Vipande vya zamani tumezibia matope kwenye njia ya uani.

Fundi Mapaa

Mdogo wangu, sikutishi. Babu amelala chini ya eternit nzima, na hilo ndilo ninalolisema: nzima haina ugomvi na mtu. Wasiwasi wangu uko kwenye hiyo njia ya uani. Kila mguu unaopita unasaga. Lowesha, okota, funga, kisha mwaga mchanga na kokoto. Usimwachie mtoto kazi hiyo.

Muuguzi wa Nguba

Binti wa Muhumba, habari yako ya kucheza soko imenigusa. Nikujibu kama ninavyowajibu wagonjwa wangu.

Magonjwa ya amiante yanachelewa, mara nyingi miaka 20 hadi 40 au zaidi. Kuna kovu la mapafu, kuna saratani ya pafu, na kuna saratani ya utando unaofunika pafu, wanayoiita mezotelioma. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za amiante husababisha saratani. Lakini hatari inakua kadiri mtu anavyovuta nyingi na kwa muda mrefu. Walioumia zaidi ni wa viwandani, na wale waliokuwa karibu nao. Huko Casale Monferrato, Italia, palikuwa na kiwanda cha mabati ya aina hii kilichofungwa 1986, na waliougua hawakuwa wafanyakazi peke yao. Walikuwemo wake zao waliofua nguo za kazi, na majirani. Mchezo wa siku moja au mbili si sawa na hayo. Usilie usiku kwa ajili yake. Ukienda kwa daktari kwa kikohozi kisichoisha au pumzi fupi, mweleze, ili aliandike. Na kama kuna anayevuta sigara kati yenu watano, aache, maana sigara na amiante vikikutana hatari ya saratani ya pafu inapanda kuliko kila kimoja peke yake.

Maji ya mvua: njia ya amiante kumdhuru mtu ni pumzi. Kwa maji ya kunywa, Shirika hilo hilo halikuweka hata kiwango cha mwisho, kwa kuwa ushahidi wa madhara tumboni haujakaa sawa. Ila siku za kazi ondoeni mapipa, na mifereji ioshwe kabla ya kukinga tena.

Sasa yule wa miaka miwili. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kuliko paa. Minium ya zamani ni madini ya risasi, ile tunayoiita plomb. Rangi nyingine za mafuta za miaka ile nazo zilitiwa risasi. Meuleuse itaigeuza vumbi, vumbi litakaa sakafuni, mtoto anatambaa, anaweka vidole mdomoni. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na hakuna kipimo kidogo ambacho kinajulikana kuwa salama. Mtoto haonyeshi dalili mapema: anakuwa mzito darasani, mkali bila sababu, tumbo linamuuma, damu inapungua. Tafadhali, kaka asiwashe mashine hiyo. Wala msilete wa kuchomelea akate fremu hizo zikiwa na rangi, maana moshi wake una risasi.

Rangi iliyoshikamana vizuri ipakwe juu yake. Inayobanduka ikwaruzwe ikiwa imelowa, kwa msasa wa maji, mabaki yakusanywe kwenye shitingi, sakafu ipigwe deki kwa maji ya sabuni mara mbili. Watoto wasiwepo hadi iishe. Udongo chini ya madirisha nao una mabaki ya miaka yote hiyo, msipande lengalenga (mchicha) hapo.

Binti wa Muhumba

Aksanti sana, Papa Fundi. Aksanti Mama Muuguzi, nimesoma jibu lako mara tatu, na dada zangu nimewasomea kwa simu.

Tumepanda darini jana na tochi. Upande wa ziwa paa ni zima kabisa, hakuna hata doa la maji. Upande wa barabara mabati 14 yamepasuka, na pale bomba la moshi linapopita, bomba lenyewe ni la eternit na limechanika. Kaka amekubali kurudisha meuleuse. Alikasirika kwanza, nikamkumbusha kopo la maziwa na unga wetu. Alinyamaza. Yeye ndiye alikuwa mnunuzi wangu.

Fundi wa kwanza tumeachana naye kwa amani. Mask tutaagiza Kigali. Nimebaki na swali moja: hayo 14 na bomba tuyapeleke wapi? Korongoni hapana, watoto wa jirani wanacheza kule.

Fundi Mapaa

Vizuri sana. Korongoni usithubutu, mvua ya Aprili itayashusha hadi ziwani, na mengine mtu atayaokota aezekee banda la mbuzi. Kazi ya mwisho niliyofanya tulichimba ndani ya kiwanja cha mwenye nyumba, mahali tambarare, mbali na mteremko na chemchemi. Shimo lilipita kimo changu. Tukalaza vifurushi bila kuvivunja, udongo juu, tukashindilia, mwenye nyumba akachora mahali hapo kwenye ramani iliyo pamoja na karatasi za kiwanja, ili atakayenunua asije akachimba msingi pale.

Bomba lifunge plastiki kabla ya kulishusha, tangu juu. Na msianze Jumatatu. Ngojeni mask zifike.

Binti wa Muhumba

Tutangoja. Pompi ya kahawa nimepata kwa mjomba wa Kabare. Papa Fundi, kama una nafasi wiki ya pili ya mwezi ujao, niandikie, tungependa uwe wewe unayesimamia. Watoto tutawapeleka kwa shangazi Bagira siku zote hizo.