Senti kumi ya 1956: kasoro ya kiwandani au ya mkononi?

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Assalamu alaikum, ndugu wakusanyaji. Katika kijaluba cha marehemu nyanya nimepata senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1956, ile ya shaba nyeusi yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu ubavuni. Ina mstari mwembamba unaotoka kwenye herufi hadi ukingoni, kidonda kirefu mfano wa ganda lililobanduka, na tundu lake limeegemea upande mmoja. Sonara niliyemwonyesha amesema yote ni uchakavu. Je, kila dosari iitwe jina gani?

Mzee wa Shela
Waalaikum salaam. Pitisha ukucha juu ya huo mstari. Ukikwama kwa kuwa mstari umeinuka, huo ni ufa wa muhuri: muhuri wa chuma ukipasuka kwa kupigishwa mno, madini ya sarafu husukumwa ndani ya ufa, na kilicho bonde kwenye muhuri huwa tuta kwenye sarafu. Ukizama, ni mkwaruzo, kwa maana mkwaruzo hauwezi kuongeza madini. Tafadhali usiisugue kwa ndimu na majivu kama tufanyavyo sinia, maana utaifuta hiyo dalili.

Msomaji wa Malindi
Naafikiana na Mzee, ila kidonda kinataka subira zaidi. Uchafu au hewa ikinaswa ndani ya madini yanapoyeyushwa, kisha yakabanwa kuwa bamba, tabaka la juu hubanduka kwa mkondo mmoja kama ubao unaochanika. Hilo tuliite tabaka lililobanduka. Chunguza kwa kioo cha kukuzia: herufi zikionekana hafifu ndani ya kidonda, tabaka lilitoka kabla ya sarafu kupigwa, zisipoonekana kabisa, huenda lilitoka baadaye. Kutu ya hewa yetu ya bahari haina mkondo, huchimba vishimo ovyo.

Kuhusu tundu, kisahani, yaani kipande cha madini kitakachokuwa sarafu, hutobolewa kabla ya kupigwa chapa, kwa hiyo tundu lililohama kiwandani hubaki duara kamili. Likiwa na umbo la yai, limepanuliwa: mikwaruzo sambamba ni ya tupa, na ukingo uliolainika upande mmoja ni kazi ya uzi au pete.

Nami naonya kuhusu bei. Heller 20, sarafu za Afrika Mashariki ya Wajerumani zilizopigwa mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora, wakati wa vita, zimejaa dosari za mihuri, na bado wako wanaouza kila ufa kama kioja.

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Nimetazama mchana juani. Mstari umeinuka, na ndani ya kidonda naona kivuli cha herufi mbili. Tundu lina umbo la yai na ni laini upande mmoja, hivyo sonara amepata moja katika tatu. Mama amenikumbusha kuwa nyanya aliitungia pamoja na funguo za kasha lake.