Changarawe zinaharibu rangi ya chini ya gari langu: nianzie wapi?

Msafiri wa Kamulu

Hamjambo wadau. Naishi Kamulu, ndani kidogo, yapata kilomita nne kutoka lami ya Kangundo Road, na kila siku ya kazi napita njia hiyo ya changarawe asubuhi na jioni. Gari langu ni Fielder nyeupe niliyoagiza Japani mwaka juzi. Jumamosi nilipokuwa nikiliosha niliinama, nikaona kwamba nyuma ya magurudumu ya mbele na kwenye ukingo wote wa chini ya milango rangi imebanduka vipande vidogo kama punje za mtama, na vitatu kati ya vidonda hivyo vimeanza kugeuka kahawia. Fundi mmoja anataka kunipulizia rangi ya mpira siku hiyo hiyo, na muuzaji mwingine ananisihi nilipake gari seramiki, ile dawa ya kinga inayopakwa juu ya rangi, akidai kwamba mawe hayataigusa rangi tena. Naomba ushauri wa aliyewahi kuyapitia haya, kwa maana pesa niliyo nayo haitoshi kukosea mara mbili.

Dereva wa Isinya

Ndugu yangu, mawe yanayopiga boneti na bampa hurushwa na gari lililo mbele yako, lakini hayo ya chini ya milango unajirushia mwenyewe, kwani tairi la mbele huokota changarawe na kuitupa nyuma na kando. Anzia hapo kwenye gurudumu. Magari mengi ya Japani hutufikia bila madigadi za mpira. Mimi nilifunga zote nne, na nikamsimamia fundi mpaka zile za mbele zikatokeza nje kidogo kuliko tairi, kwa sababu iliyo nyembamba hupitisha mawe pembeni na kubaki pambo tu. Ikiwa uliweka rimu pana, chuchumaa mbele ya gari utazame: tairi likichungulia nje ya bodi, hakuna rangi itakayokuokoa. Halafu punguza mwendo. Ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 40, nguvu ya kila jiwe hubaki robo, wala si nusu. Malori ya mchanga nayo yaache yatangulie na vumbi lao.

Fundi wa Rangi, Industrial Area

Huyo anayetaka kupulizia siku hiyo hiyo mkimbie. Kutu ikifunikwa na rangi ya mpira huendelea kula bati gizani, nawe hutajua mpaka kidole kipenye. Kila kidonda kilichogeuka kahawia kisuguliwe kwa msasa hadi bati ling'ae, kipakwe praima ya kuzuia kutu, kikauke, ndipo rangi ifuate. Rangi ya mpira yenyewe ni nzuri kwa ukingo wa chini na ndani ya matao ya magurudumu, kwa sababu inapopigwa hunepa badala ya kupasuka, na zipo aina zinazokubali kupakwa rangi ya gari juu yake, kwa hiyo si lazima ubaki na mstari mweusi.

Jambo linalosahauliwa karibu kila mahali ni vitundu vya kutolea maji. Pitisha kidole chini ya mlango, kwenye mshono, utavigusa. Nimeletewa milango mingi iliyooza kutoka ndani kwa sababu fundi aliviziba kwa dawa hiyo hiyo aliyolipwa aipulizie ili kuzuia kutu.

Mpenda Usafi

Kuhusu seramiki, tabaka lake ni la mikroni chache tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Hufanya tope litoke kwa urahisi na rangi ing'ae, lakini jiwe halilizuii. Kinachozuia ni filamu angavu ya poliyurethani, ile inayoitwa PPF, yenye unene wa mikroni 150 hadi 200, ambao unazidi hata ule wa rangi yote ya kiwandani. Ni ghali. Funika nyuma ya magurudumu na ukingo wa chini tu, baada ya marekebisho, na rangi mpya iachwe ikomae wiki kadhaa kabla ya kubandikwa.

Msafiri wa Kamulu

Nashukuru sana. Nimesoma kile kibao cha kiwandani kwenye gari, penye maandishi C/TR yanayotangulia namba ya rangi, nikakuta 070. Naweza kununua kichupa cha rangi hiyo nizibe mwenyewe kwa brashi?

Fundi wa Rangi, Industrial Area

Hiyo ni nyeupe ya lulu: chini nyeupe, juu yake tabaka la lulu, kisha laka angavu. Kwa brashi utazuia kutu, ila doa litaonekana jua likipiga. Vile vitatu vya kahawia vishughulikie wiki hii kabla ya mvua, ufunge madigadi, halafu ukingo wote uje upuliziwe kwa pamoja utakapokuwa tayari.