Fundi anataka kuvunja paa la asbesto kwa nyundo

Swali: Wakuu, mama ameniachia nyumba ya miaka ya 1970 hapa Nakuru, paa lote asbesto. Fundi anasema Jumamosi atalivunja kwa nyundo, vifusi tujazie mashimo ya barabara. Ni sawa?

Jibu: Mkatalie! Mimi husimamia kazi za kubomoa. Hatari ni vumbi linalotoka shiti ikivunjika. Saratani yake huja hata miaka 40 baadaye, fundi ameshasahau kazi yenyewe. Kanuni za taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa hiyo anzia ofisi ya kaunti ya NEMA (mamlaka ya mazingira). Siku ya kazi paa hulowanishwa, misumari ing'olewe taratibu, shiti zishushwe nzimanzima (hakuna kurusha chini!), zifungwe kwa nailoni nzito na kubandikwa onyo. Lori liwe na leseni ya kubeba taka hatari, zikazikwe panaporuhusiwa. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu.

Muulizaji: Gharama hiyo jamani! Na jirani anaomba shiti mbili za banda la kuku?

Jibu: Usimpe. Mnunulie mabati.