Absalomu alirudi Yerusalemu, ila uso wa baba hakuuona. Nami nimfuate mwanangu?

Baba wa Igombe:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza, nina miaka 58, na ni mzee wa kanisa. Nina jambo la nyumbani kwangu, naomba mnivumilie.

Mwanangu wa tatu ana miaka 23. Mwaka juzi, siku za giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, siku ambazo sisi watu wa dagaa hatulali, alifungua mashine ya mtumbwi wangu usiku akaenda kuiuza visiwani. Nilipompata kwa simu alinijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikuwa nimeweka spika, na wavuvi wangu wanne wamesimama mchangani wanasikia. Giza lile lote mtumbwi ulikaa nchi kavu. Mashine mpya niliikopa, deni nikalilipa miezi 14.

Mwezi wa pili mwaka huu akarudi. Amekonda, ana kovu refu mkononi. Mama yake akampikia. Mimi nikasema alale chumba cha nje, basi. Sikukaa naye kula hata siku moja. Akiniamkia, naguna tu. Baada ya wiki tano akaondoka tena. Nasikia anabeba mizigo Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, na usiku analala juu ya magunia ya dagaa.

Sasa, Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu kufundisha, na somo lilikuwa 2 Samweli 14. Nimelisoma mara nyingi, lakini safari hii mstari wa 28 ulinishika: Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, alikaa Yerusalemu miaka 2 mizima asiuone uso wa mfalme. Nikanyamaza pale mbele, watu wakadhani miwani imenisumbua. Mnaijua habari yenyewe. Kijana amemwua Amnoni, kaka yake kwa baba, amekimbilia Geshuri kwa babu yake miaka 3, Yoabu, jemadari wa mfalme, amemtumia mfalme yule mwanamke wa Tekoa amsihi, mpaka mfalme amekubali arudishwe. Halafu mfalme anasema aende kwake, asije mbele yangu. Yaani mtoto karudishwa mjini, baba hajamrudia. Ilibidi achome shamba la shayiri la Yoabu ndipo apate mtu wa kumpelekea maneno yake. Busu la Daudi likaja mwisho wa sura, na sura inayofuata kijana yuko langoni na gari na farasi na watu 50 wa kukimbia mbele yake, anaiba mioyo ya Israeli.

Nikaendelea mpaka sura ya 18, Absalomu yuko vitani dhidi ya baba yake, kichwa chake kimenaswa katika mwaloni, na hapo anauawa. Najua ule ni mti, na huku kwetu mwaloni ni pale mitumbwi inaposhusha samaki. Hata hivyo ulimi ulikuwa mzito kulitamka neno hilo.

Swali langu: nimfuate? Au nikae nimsubiri, kama baba wa mwana mpotevu katika Luka 15, ambaye hakufunga safari kwenda nchi ya mbali?

Mwinjilisti wa Sengerema:
Mzee wangu, shikamoo, na pole sana. Nitasema ninachokiamini. Torati haikumchekea mwana mkaidi. Soma Kumbukumbu la Torati 21, kuanzia mstari wa 18. Hatuko chini ya hukumu ile ya kupigwa mawe, lakini inaonyesha Mungu anavyouona uasi kwa wazazi. Na yule wa Luka 15 hakufuatwa na mtu. Alizingatia moyoni mwake akiwa na nguruwe, ameyatamani maganda, kisha akasimama mwenyewe. Ukimfuata wako kabla hajazingatia, utarudi na mwili tu, na hiyo mashine mpya usiku mmoja hutaiona. Mwombee, umsubiri.

Mama wa chanja:
Shikamoo baba. Mimi naanika dagaa, nawajua hao vijana wa mizigo, wengine nawapa chai asubuhi.

Mwinjilisti amesema kweli, ila habari ya Absalomu haianzii sura ya 14. Rudi ya 13. Tamari amenajisiwa na Amnoni, kaka yake kwa baba. Amerarua kanzu yake ya binti wa mfalme, ametia majivu kichwani, anatembea akilia. Daudi akasikia yote, akakasirika sana. Basi. Hakuna tunaposoma kwamba alimwita Amnoni, wala kwamba alikwenda kumwona binti yake. Msichana akakaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu, kaka yake wa tumbo moja, na Absalomu akamwangalia hivyo miaka 2 bila kumwambia Amnoni jema wala baya, labda akimngoja baba afanye jambo. Simtetei kwa kuua. Ila kila nikisoma hapo nalia, kwa sababu hasira ya baba ambayo haikwenda popote ilikwenda kuchimba chini.

Naomba kukuuliza kwa heshima, baba: kabla ya mashine kulikuwa na nini? Mtoto haamki tu akauza mashine.

Tena, baba wa Luka 15 alitoka. Alimwona mdogo angali mbali akamkimbilia, na yule mkubwa alipogoma kuingia, alitoka nje akamsihi.

Kijana wa Pasiansi:
Maandiko nawaachia ninyi. Mimi nimewahi kulala pale Mwaloni. Mzee, ukienda, nenda asubuhi sana kabla malori hayajaanza kupakia. Na usimwite kwa sauti mbele ya wenzake.

Baba wa Igombe:
Mama wa chanja, marahaba. Swali lako sikulijibu siku tatu kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Alivua na mimi miaka 3. Fungu lake nilimwekea ili anunue mtumbwi wake. Kaka yake mkubwa alilichukua lote, akanunua pikipiki ya biashara, ikapotea. Nilikasirika sana. Sikusema kitu. Mkubwa amebeba jina la baba yangu, nikaona aibu kumketisha chini. Mdogo aliniuliza mara moja tu, jioni, tunakunja nyavu. Nikamwambia, ni ndugu yako, yaache.

Alhamisi nilipanda daladala ya kwanza. Nikamkuta na gunia begani. Akasema shikamoo huku anatazama chini. Nikamwitikia marahaba, mwanangu, neno zima. Nikaanza na fungu lake, kwamba nilijua na nilinyamaza. La mashine sikuligusa. Alisimama pale na gunia lile, hakulitua, jasho linamtoka, mpaka nikamwambia tua. Akasema amebakiza magunia 12. Nikakaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, nikamsubiri mpaka akamaliza. Tukala ugali na sato kwa mama lishe. Mifupa alinitolea yeye, kama alivyokuwa akifanya tangu macho yangu yaanze kupungua.

Hajasema atarudi. Amenipa namba yake mpya.

Mwinjilisti, neno lako sijalitupa. Mashine namdai, naye fungu lake ananidai. Tumekubaliana tuyaongee yote mawili siku za mbalamwezi, nikiwa siendi ziwani, na kaka yake awepo.