Mrejesho: Ile safari ya kwenda kufundisha Kiingereza Asia

Wakuu, habari za siku. Niliuliza kama mwalimu wa sekondari huku Kigoma, mwenye mke na watoto wawili, anaweza kuhamia Asia kufundisha Kiingereza.

Korea Kusini nimeiweka kando. Viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu, na kwa Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Miaka yangu 9 ya chaki hapo haisemi kitu.

Nikageukia Vietnam. Wanataka digrii, cheti cha kufundisha Kiingereza na cheti cha polisi cha tabia njema, tena vithibitishwe ubalozini Dar. Nikapanda treni, bahasha nimeikumbatia kama kichanga. Mama watoto alinifungia migebuka ya kukausha, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Behewa zima lilijua natoka wapi.

Wakala mmoja alitaka hela ya "kuharakisha". Sikumpa.

Aliyenishauri nitangulie peke yangu alikuwa sahihi, ada za shule za kimataifa kule zimenitoa jasho. Mke anabaki Mwanga, hapa hapa Kigoma, na genge lake la dagaa. Mtoto wetu mdogo kaniuliza jambo moja tu: huko kuna ziwa?