Mdogo wangu wa kike anataka kwenda kambi ya skauti Mbeya na wavulana. Nimzuieje bila kuvunja undugu?

Mbena wa Mjini (mleta mada):
Wakuu, kamwene. Naandika saa sita usiku, Njombe baridi kali na usingizi umegoma.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 19. Tunaishi wawili hapa mjini, mama yuko kijijini, baba alishafariki. Skauti ameanza tangu shule ya msingi, sasa yuko rova, yaani vijana wakubwa, na kundi lao ni mchanganyiko. Jumatano ijayo wanakwenda Mbeya, kambi ya siku sita, na siku ya nne wanapanda Mlima Rungwe. Wavulana kumi na mmoja, wasichana saba.

Ameshajiandaa. Skafu ameinyoosha kwa pasi ya mkaa, na kile kingozi cha kuibania shingoni amekipaka mafuta ya kupikia king'ae. Vimetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake, na kila nikipita pale tumbo linanikata.

Naona si sawa binti kulala porini na vijana wa kiume. Naombeni maneno ya kumwambia ili akubali kubaki mwenyewe, asije akasema namwonea.

Mama Pacha:
Mwanangu, hofu yako ni ya mlezi na Mungu akubariki. Sisi tulilelewa tukijua jua likizama binti yuko jikoni kwa mama yake. Leo kila kitu semina, kambi, mafunzo. Wakirudi tunaachiwa wajukuu. Mkalishe chini, umwambie marehemu baba yenu asingeruhusu.

Mbena wa Mjini:
Asante mama. Ingawa baba ndiye aliyemnunulia sare ya kwanza.

Rova Mstaafu:
Mama Pacha, shikamoo. Naomba nikupinge kwa heshima, maana nimevaa skafu miaka tisa na mke wangu nilimkuta ameshavaa yake.

Ni kweli jambo hili lilianza la kiume. Mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, alikusanya wavulana 20 kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Rova wakaja 1918, kwa ajili ya waliokua wakabaki bila ngazi ya kwenda. Mzee mwenyewe amelala Nyeri, hapo Kenya, tangu 1941. Lakini leo Chama cha Skauti Tanzania kinapokea mabinti, wanabeba begi lilelile na kusoma ramani ileile. Marekani nako tangu 1998 wana programu iitwayo Venturing, ya wasichana na wavulana wa miaka 14 hadi 20 kwa pamoja.

Mleta mada, usiulize kama kuna wavulana. Mpigie kiongozi umuulize mahema ya wasichana yako upande gani. Muulize kiongozi gani wa kike anakwenda nao, na je, analala kambini au anarudi gesti mjini? Kiongozi mtu mzima hatakiwi kujifungia na kijana mmoja faraghani, hata kwa maongezi, muulize kama wanalizingatia hilo. Nani kabeba sanduku la huduma ya kwanza? Wakipanda Rungwe nani anabaki chini na gari? Ule mlima una karibu mita 3,000, na njia yake ni matope na mianzi, si barabara ya lami. Akibabaika kujibu, mzuie binti na mimi nitakuunga mkono. Akijibu vizuri, mwache aende.

Na akienda, mwambie atege sikio msituni. Kuna kima anaitwa kipunji, sauti yake kama honi ya gari la zamani. Wanasayansi walimkuta Rungwe mwaka 2003, wakati wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote. Nilimsikia mara moja tu, nikasimama na mguu mmoja kwenye tope, sikutaka hata kuushusha mwingine.

Chuma cha Uyole:
Mmenikumbusha mimi na JKT. Tulikuwa vijana wa kike na wa kiume, saa kumi alfajiri mko kwenye mchakamchaka, meno yanagongana kwa baridi. Nani alikuwa na nguvu ya mapenzi? Mimi niliota ndoto za chapati tu. Binti mmoja wa kombania yetu alinibebea jembe siku malengelenge yamenipasuka kiganjani. Mpaka leo akifiwa nasafiri, na mimi nikifiwa anakuja. Mwache mtoto aende apate ndugu.

Binti Nyasa:
Kaka, mimi nasoma nikiwa na swali lingine. Ana miaka 19, ni mtu mzima. Skauti kaanza utotoni na kambi hii haiwezi kuwa ya kwanza. Hizo za nyuma ulimzuia?

Mbena wa Mjini:
Hapana. Alikwenda Iringa, akaenda na Makambako. Lakini hizo zilikuwa za siku mbili.

Binti Nyasa:
Za siku mbili ulilala usingizi, hii ya sita imekukatia. Mchango wa kambi umelipwa?

Mbena wa Mjini:
Mchango si tatizo. Pesa anayo, anafuma masweta ya watoto wa shule, amekusanya tangu Februari. Tusitoke kwenye mada jamani.

Binti Nyasa:
Pesa iko wapi?

Mbena wa Mjini:
Alinipa niitunze kwenye simu yangu, yake ina matatizo ya laini.

Binti Nyasa:
Na ipo?

Mbena wa Mjini:
Sikutaka kuliandika hili. Haipo. Ilikuwa laki moja na elfu themanini. Wiki tatu zilizopita nilinunua mbegu ya viazi na mbolea, na kibarua wa kutifua nikampa malipo ya awali. Nilijua kuna mtu namdai, akinilipa ningeirudisha kabla mdogo wangu hajaiulizia. Yule ninayemdai hapokei simu.

Lakini jamani, msinione mwizi. Viazi ni vya nyumba nzima. Vikitoka namrudishia na nyongeza, anaweza kwenda kambi hata tatu. Na la wavulana bado naliona ni la kweli.

Mama Pacha:
Uwii. Na mimi nimekubariki. Mwanangu, umenitumia.

Shahidi wa Kimya:
Hii chai, tena haina sukari. Viazi Njombe mwezi wa saba? Mvua zimekatika kitambo, mkulima gani anaweka mbegu ardhini sasa hivi? Ameanza na wavulana, amehamia kwenye mbolea, kesho atakuja na namba ya simu ya kuchangia kambi ya binti. Tumewazoea.

Chuma cha Uyole:
Daah, na mimi nimetoa historia yangu yote ya JKT.

Mbena wa Mjini:
Sijaomba hata shilingi kumi. Shamba ni kinyungu, bondeni, maji yapo mwaka mzima.

Shahidi wa Kimya:
Neno kinyungu kila mtu analijua. Bado chai.

Mkulima Matamba:
Ngoja nimjaribu mimi, viazi ndiyo shule niliyosoma. Mleta mada, mbegu umenunua wiki tatu zilizopita, kwa nini mpaka leo haijaingia ardhini?

Mbena wa Mjini:
Nasubiri barafu ya alfajiri ipungue. Mwaka jana niliwahi. Vilikuwa vimechipua vizuri, urefu wa kidole. Asubuhi moja nikakuta majani yamelala meusi, laini, kama yamemwagiwa maji ya moto. Bonde zima. Kule juu kwa jirani kwenye mteremko hakikuguswa hata kimoja. Safari hii mbegu nimeitandaza stoo kwenye mwanga hafifu, inatoa macho.

Mkulima Matamba:
Shahidi, huyu anasema kweli. Ubaridi mzito unashuka kukaa bondeni, wa mteremkoni wanapona. Mtu wa kutunga asingelijua hilo la jirani wa mteremko.

Na wewe kijana sasa nisikilize. Mbegu iliyo stoo ni pesa. Iliyochipua vizuri ina wateja kipindi hiki, watu wa mabondeni wote wanaitafuta. Mbolea ambayo mfuko haujafunguliwa nayo inauzika. Kesho asubuhi unaweza kupata zaidi ya nusu ya hiyo pesa.

Mbena wa Mjini:
Mzee, nikiuza nimekosa msimu. Kibarua nimeshamlipa, bonde nimeshakodi hadi Desemba. Hamwoni kwamba kambi ni siku sita na chakula ni mwaka?

Binti Nyasa:
Tungekuona kama ungemuuliza mwenye pesa. Labda angekukopesha. Mtu anayefuma tangu Februari anajua shida ni nini. Ulichomnyima ni nafasi ya kukubali mwenyewe, na juu yake ukataka tukupe maneno ya kumwonyesha kuwa yeye ndiye mwenye tamaa ya wavulana.

Mbena wa Mjini:
Hilo la mwisho limenichoma. Sikuwahi kulitazama hivyo.

Rova Mstaafu:
Nusu ikipatikana, kaongeeni na kiongozi wa kundi. Mimi nimeshuhudia makundi mengi yakipokea mchango kwa awamu, na wengine wakileta mchele au maharage badala ya pesa. Viazi vya kula unavyo? Rova kumi na wanane wanakula gunia. Lakini aende kuongea yeye mwenyewe, akijua kila kitu. Ukienda kimyakimya kumpunguzia mchango, ataaibika mbele ya wenzake siku ya safari.

Shahidi wa Kimya:
Nimefuta neno chai. Samahani mkuu.

Mbena wa Mjini:
Viazi vya kula ninavyo, gunia moja na kitu.

Naona taa ya chumba chake imewaka. Huwa anaamka saa kumi na moja kufuma kabla ya kwenda sokoni. Nasikia anawasha jiko. Naweka simu chini.

Mkulima Matamba:
Nenda. Ukimaliza niambie mbegu ni aina gani na macho yana urefu gani, nina mtu Makete anatafuta.