Safari ya pango Jumamosi: gumzo la familia

Espoir, 18:40
Jambo wote. Kwa Jumamosi tuko saba: mimi, Ya Patrick, Aline, Bahati, Neema na watoto wawili wa Tantine Zawadi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia pangoni. Tunavuka Petite Barrière, mpaka wa Goma na Rwanda, asubuhi, tunapanda basi mpaka Musanze.

Bahati, 18:44
Ya Espoir, mbona tuvuke mpaka na tulipe kiingilio? Kule Bulengo, nyuma ya shamba la babu, kuna shimo kwenye mawe ya volkano. Mtu anaingia akiinama. Tochi tuko nazo, kamba iko.

Papa Merveille, 18:51
Bahati mwanangu, hapo hapana. Mwaka jana, si mbali na shamba hilo, nilikuta mbuzi wa jirani amelala kwenye kibonde kisichofika hata kiunoni. Majani bado yalikuwa mdomoni. Pembeni yake ndege wawili wadogo, miguu juu. Hakuna harufu, hakuna moshi. Mwenye mbuzi alitaka kushuka amvute, nikamkamata shati. Ile ni mazuku, gesi inayoua inayotoka ardhini.

Bahati, 18:53
Lakini Papa, mazuku ni ya alfajiri. Jua likipanda inaondoka.

Papa Merveille, 18:58
Huko nje, ndiyo, upepo unaitawanya. Shimoni upepo utapitia wapi? Hiyo gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji kwenye beseni. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, kichwa kimeshazama. Na anayeshuka kumwokoa mwenzake analala palepale.

Aline, 19:00
Je, tukitangulia na kiberiti? Kikizimika tunarudi.

Papa Merveille, 19:02
Aline, mpaka moto uzimike wewe umeshaivuta. Hapana.

Ya Patrick, 19:10
Papa ana haki. Pango la Musanze ni tofauti: paa limebomoka sehemu nyingi, hewa inapita, ngazi zimejengwa na kuna muongozaji. Ni kama kilomita 2. Lilitengenezwa na volkano za huku kwetu Virunga. Uji wa moto ulitiririka, juu ukapoa ukawa ganda gumu, chini ukaendelea kukimbia mpaka ukaisha, likabaki bomba tupu. Mawe ni ndugu wa haya ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002 tunayokanyaga hapa mjini, na mnajua yanavyokata. Viatu vya kufunga, suruali ndefu. Kofia ngumu wanatoa kule. Tochi mbili kila mtu. Simu si tochi.

Mama Furaha, 19:16
Naongea kama muuguzi. Mule kuna popo. Kati ya 1998 na 2000, kule Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo yetu, ugonjwa wa virusi vya Marburg, ambavyo popo wanabeba, uliua watu zaidi ya 100, wengi wachimba dhahabu wa mgodi uliojaa popo. Kwa hiyo: msimguse popo, msishike mavi yake, mvae barakoa na glavu, msile chochote ndani. Mkitoka, sabuni kwanza, chakula baadaye. Nitawapa sabuni.

Tantine Zawadi, 19:21
Junior anaogopa giza. Hajasema, lakini jana nilimkuta amekaa depo, taa imezimwa, anajizoesha. Itakuwaje akishindwa katikati?

Espoir, 19:24
Tantine, atatembea wa pili, nyuma ya muongozaji, nami nitakuwa nyuma yake. Tunafuata mwendo wa anayetembea polepole kuliko wote. Yeyote akisema "narudi", mkubwa mmoja anatoka naye na hakuna wa kumuuliza.

Tantine Zawadi, 19:25
Asante mwanangu. Hapo moyo umetulia.

Ya Patrick, 19:30
Mama Furaha, wewe unabaki na saa. Tukitoka pangoni nakuandikia. Ikifika saa tisa mchana hujaona ujumbe, pigia watu wa pango; namba nakutumia.

Mama Furaha, 19:31
Sawa. Simu itakuwa mkononi.

Bahati, 19:47
Papa, nimefikiria lile shimo. Watoto wa Bulengo wanacheza karibu kabisa. Kesho nataka twende na babu tulizibe kwa miiba.

Papa Merveille, 19:50
Nendeni mchana, upepo ukiwa unavuma. Miiba muitupe toka juu, asishuke mtu. Nitakuja na panga.